Jivu Kwenye Mwani

Mwenzangu wa kazini alifungua pakiti juu ya meza yangu wakati wa chai ya saa nne, na kabla sijaona kilichomo nikajua ni nini. Harufu ile haina jina zuri. Ina chumvi, ina ubichi, na nyuma yake kuna kitu kama sufuria ya chuma iliyolala na maji. Akamwaga vijiti vyekundu vilivyokauka kwenye kiganja chake akanisogezea.

"Hii kitu inasaidia, nakuambia," akasema. "Ngozi, nywele, tumbo, kila kitu. Unaloweka, unasaga, unakula kijiko moja asubuhi. Kuna dem ananiuzia."

Nikatia kijiti kimoja kwenye kikombe cha maji, nikakingoja kilainike, kisha nikakivuta polepole kwa vidole viwili. Kilikuwa cha mviringo kama tambi, chenye matawi, nacho kilinyumbulika bila kuachia utelezi wowote mkononi. Nikamwambia ni mwani kweli, hajaibiwa.

"Na wewe umejulia wapi mambo ya bahari? Si wewe ni wa Komarock?"

"Huko huko Komarock," nikamjibu. Alicheka akidhani namtania, nami sikuwa na nguvu ya kumweleza kabla ya mkutano wa saa tano. Nawaeleza ninyi.

Katika nyumba yetu ya Komarock, mtaani Nairobi, mahali ambapo majirani waliweka runinga, sisi tuliweka bahari. Runinga ilisukumwa kwenye stuli pembeni, ikitazama ukuta kidogo, na ukutani pa heshima palikaa tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto, limejaa maji ya chumvi. Mama alikuwa karani katika ofisi ya wakili mmoja karibu na mahakama za Makadara. Wakili yule aliliweka tangi pale mapokezini ili wateja wake, ambao wengi walifika wakitetemeka, wapate kitu cha kutazama. Alipostaafu, kila mtu ofisini aliomba kiti au kabati. Mama peke yake aliomba samaki. Aliagiza kabati la kukalishia tangi kwa fundi wa Gikomba, ambaye hadi mwisho aliamini anatengeneza kabati la vyombo na akaweka ndoano za vikombe ndani ya milango.

Mama hakuwa amewahi kuiona bahari. Alizaliwa Nyandarua, kwenye baridi na viazi, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kuja kuolewa Nairobi. Lakini alijua kuchanganya maji ya bahari. Maji ya mfereji aliyalaza kwenye pipa siku mbili, akatia chumvi yake maalumu iliyouzwa kwa ndoo, akapima, akaonja kwa ncha ya ulimi, akapima tena. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na pale tu mbele ya tangi ndipo ulimi wake ulipofunguka. Mimi, niliyekuwa na miaka tisa na maswali mengi, nilijua kwamba nikitaka kuzungumza na mama yangu lazima nipige magoti mbele ya lile kabati.

Maana ndani ya kabati, chini ya tangi kubwa, kulikuwa na tangi jingine dogo lenye taa yake. Maji yalishuka kwa bomba kutoka juu, yakapita humo, kisha pampu ikayarudisha. Humo ndimo Mama alimofuga mwani mwekundu.

"Kuna nyekundu mbili," aliniambia siku moja. "Moja ni mwani, moja ni uchafu. Ukiangalia rangi peke yake utadanganyika. Gusa."

Nikagusa. Nyekundu ya kwanza ilikuwa imetanda juu ya mchanga kama utando juu ya maziwa yaliyochemshwa. Nilipoinua ukingo wake ilitoka yote kipande kimoja, ikiteleza na kunuka. Nyekundu ya pili ilikuwa na matawi yaliyonenepa, na chini yake palikuwa na kitu kama unyayo kilichoshika jiwe. Nilipovunja ncha ya tawi, lilikatika kwa sauti, kama karoti mbichi.

"Huo una mguu," Mama akasema. "Huo mwingine hauna mguu, umelala tu. Mwenye mguu ndiye wetu."

Kisha akafanya kitu ambacho nilikisimulia shuleni wiki nzima bila kuaminiwa. Alichukua kipande cha mwani akakitosa ndani ya kikombe cha maji ya moto kutoka kwenye thamosi ya chai. Wekundu ukaondoka mbele ya macho yangu, na kikabaki kipande cha kijani, kijani kabisa, kama sukuma wiki.

"Hata huu una kijani ndani," akasema. "Umevaa tu koti. Huko chini baharini jua halifiki vizuri, na hilo koti linausaidia kushika mwanga kidogo uliopo."

Aliniambia mwani unakula uchafu wa samaki kabla uchafu haujawa sumu. Ukizidi unaukata, na ulichokata unakifunga kwa uzi kwenye jiwe, ukawapa samaki wakubwa. Tulikuwa na wawili wa kijivu, wakautafuna kama mbuzi. Wa tatu hakuutaka. Huyu alikuwa mdogo kama kidole changu, amechorwa mistari ya kijani na rangi ya chungwa kama leso ya sikukuu, na siku nzima alizunguka mawe akidonoa kitu nisichokiona. Nyanya yangu alimwita Mheshimiwa, kwa sababu alivaa vizuri na hakuonekana akifanya kazi yoyote. Nilimuuliza Mama huyo Mheshimiwa anakula nini. Mama alikuwa na mkono wake ndani ya maji hadi kwapani.

"Anajitafutia," akasema, na hapo somo likaishia.

Niseme mapema kwamba Mheshimiwa alikufa, msije mkahangaika naye hadi mwisho. Alikufa siku tatu baada ya mambo ninayosimulia. Habari yenyewe ni ya nyanya.

Nyanya tulimwita Susu, kama Wakamba wanavyoita. Alikuwa mama yake Baba. Alikuja kwetu kutibiwa macho, akakaa miaka miwili, na katika miaka hiyo miwili yeye na Mama walizungumza kama makarani wa ofisi mbili tofauti. Umeamkaje, Mama. Vizuri, wewe je. Chai iko tayari. Asante. Mama alimpa heshima yote anayostahili mama mkwe na hakumpa kitu kingine. Susu alilala chumbani mwangu, nguo zake zikakaa ndani ya begi la buluu chini ya kitanda, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini hazina kabati. Mimi nilikuwa na jina lake, Mwende, kama ilivyo desturi kwa binti wa kwanza, kwa hiyo Mama akikasirika hakunifokea kwa jina. Aliniita "wewe". Kumfokea Mwende ndani ya nyumba ile kungekuwa kuwafokea watu wawili.

Susu hakulielewa tangi. "Samaki wa kuangalia!" alisema kila wiki. "Kwetu hata mbuzi wa kuangalia hatuna." Mali yake yeye ilikuwa magunia manne ya sukuma wiki kando ya geti, yaliyojazwa udongo na kutobolewa ubavuni. Aliyatunza vizuri kuliko watu wengi wanavyotunza watoto. Wadudu walipoingia kwenye majani, alichukua jivu la jiko la makaa, akalichuja kwa chujio la chai, akalitia kwenye kopo la maziwa alilolitoboa kwa msumari, na asubuhi mapema, majani yakiwa bado na umande, akayapaka jivu hilo kama poda ya mtoto aliyetoka kuoga. Wadudu walikwisha. Nilimsaidia mara nyingi. Nilijua sheria yenyewe: jivu laini, jani liwe limelowa, na usione huruma.

Jumamosi ile Mama alikwenda Thika kwenye harusi ya binti wa mwenzake, na Baba, ambaye alikuwa dereva wa lori, alikuwa njiani kuelekea Malaba. Susu alikuwa getini akibishana na muuza maziwa. Nilifungua kabati kwa furaha ya mtu aliyeachiwa nyumba, nikainama kuutazama mwani. Ncha zake zilikuwa zimefifia, zimekuwa za manjano kama jani la sukuma linalozeeka. Leo najua sababu: Mama alikuwa amebadilisha taa akaweka yenye nguvu zaidi, na mwani ulikuwa unavua koti. Lakini siku ile sikuiona taa. Niliona wadudu. Walikuwa wengi ajabu, wadogo, wamejikunja kama kucha zilizokatwa, wanarukaruka kati ya matawi, wanashikilia, wanapanda na kushuka. Nilielewa papo hapo. Wadudu walikuwa wanaula mwani wa Mama, na Mama hakujua.

Nilijiona shujaa, nawaapia. Niliwaza atakavyorudi akute mwani wake umepona, atakavyouliza nani ameuokoa, na nitakavyojibu kwa unyenyekevu. Nikachukua kopo la Susu dirishani. Nilikumbuka kwamba jani lazima liwe limelowa, nikaridhika sana, kwa kuwa mwani ulikuwa umelowa mchana kutwa. Nikatikisa. Nilipoona jivu halishiki, linazama na kuelea, nikafikiri kipimo ni kidogo, nikalimaliza kopo lote.

Maji yakawa kama ya kuoshea sufuria. Kisha pampu ikafanya kazi yake, ikayapandisha juu, na nikasimama nikitazama ukungu wa kijivu ukiingia kwenye tangi kubwa kidogo kidogo. Samaki wakubwa wakajibanza pembeni. Mheshimiwa akalala juu ya mchanga, akihema upesi upesi. Jivu ni ndugu wa magadi, huyafanya maji kuwa makali kwa samaki; sikulijua hilo, lakini kitu ndani yangu kilijua nimeharibu. Nikafunga kabati, nikarudisha kopo dirishani, nikanawa, nikafungua daftari la Sayansi.

Mama alirudi kabla ya saa kumi, viatu vyake vya harusi mkononi. Alisimama mlangoni akitazama tangi. Hakupiga kelele. Alipiga magoti, akafungua kabati, akachovya kidole majini, akakisugua na kidole gumba, akasikia utelezi. Kisha akatazama lile kopo dirishani.

"Nani ametia jivu kwa maji?" aliuliza ukuta.

Susu alitokea jikoni akijipangusa mikono. Alilitazama tangi, akanitazama mimi, na nilipoteremsha macho niliona mkono wa sweta yangu una kijivu hadi kwenye kiwiko. Alichukua muda mfupi tu.

"Ni mimi," Susu akasema. "Kulikuwa na wadudu."

"Sawa, Mama," Mama akasema.

Maneno hayo mawili tu. Mama akavua saa, akachota maji safi ya chumvi kutoka kwenye pipa la akiba, akawahamisha samaki kwenye ndoo mmoja mmoja. Jioni nikamsikia chumbani akizungumza na Baba kwa simu. Kuta za nyumba zetu mnazijua. "Mimi siwezi tena," alikuwa anasema. "Kitu kimoja tu ndani ya hii nyumba ndicho changu. Kimoja. Mwambie arudi nyumbani." Susu alikuwa ameketi kitandani mkabala nami, na alisikia kila neno nililosikia.

Asubuhi ya Jumapili kabla ya kanisa alilitoa begi la buluu akakunja nguo zake. "Kesho naenda," akaniambia. "Hizo sukuma umwagilie. Lile gunia la mwisho linakauka haraka."

Sentensi moja kutoka kwangu ingemzuia. Niliibeba kanisani, nikaimba nayo, nikarudi nayo nyumbani, na sikuisema. Msidhani niliogopa fimbo. Fimbo niliifahamu na huisha. Niliogopa kwamba Mama hataniruhusu tena kupiga magoti mbele ya kabati, na kwamba basi hatakuwa na mahali pa kuzungumza nami. Kati ya Susu na sauti ya Mama, nilikuwa nimechagua, na nilichukia nilichochagua.

Alasiri Mama aliuleta mwani wote uani ndani ya beseni la maji ya chumvi, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuuchambua uzi mmoja mmoja. Mimi nilikuwa ngazini. Susu alitoka na kigoda chake, akakiweka upande wa pili wa beseni bila kuombwa. Nadhani hakuweza kujizuia. Alikuwa amechambua mboga maisha yake yote, na hapa palikuwa na mtu anayechambua vibaya.

"Mbaya ni gani?" akauliza.

Mama akainua uzi. "Uliolegea umekufa. Ukivunja na usikie sauti, huo ni mzima."

Susu akavunja, akasikiliza. Akatupa mmoja, akabakiza mmoja. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya Mama, na baada ya muda Mama akawa anamtazama kuliko anavyotazama beseni.

"Huu una mguu," Susu akasema, akigeuza jiwe.

"Eeh. Ukiwa na mguu utamea tena."

"Na hawa wadudu," Susu akauliza, akimwonyesha mmoja aliyekuwa akitambaa kidoleni mwake, "hawaudhuru?"

"Hawa ndio chakula cha yule mdogo, Mama. Yule Mheshimiwa. Hali kitu kingine. Anakula hawa tu, wakiwa hai." Mama alisema taratibu, bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Huu mwani nimeufuga kwa ajili yao. Ni nyumba yao."

Mkono wa Susu ukasimama. Hakugeuka, lakini niliona mgongo wake ukielewa alichokuwa amekibeba tangu jana bila kukijua. Alikuwa amekiri kosa asilolifahamu ukubwa wake. Na bado hakufungua mdomo. Akarudisha mkono ndani ya beseni akaendelea kuchambua, kesho asubuhi aende zake.

"Ni mimi!" nikasema. Nilisimama ngazini nikilia kama mtoto wa miaka mitatu. "Mama, ni mimi niliweka! Susu alikuwa kwa geti! Nilidhani wanaukula!"

Mama alinitazama, kisha akamtazama mama mkwe wake, na kwa mara ya kwanza niliona uso wake hauna adabu yoyote, ni uso tu.

"Mbona ulisema ni wewe?"

"Ungemchapa mtoto kwa sababu ya samaki," Susu akasema. "Mimi huwezi kunichapa."

"Mama, nimekuchukia tangu jana."

"Najua," Susu akasema. Alikuwa bado ameshika uzi wa mwani, akiukagua kwenye mwanga. "Lakini hiyo nilikuwa nimezoea."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja bei ya unga. Mimi ni mtu mzima sasa, nina mama mkwe wangu, na bado sijasikia sentensi iliyoniingia zaidi kuliko ile. Mama aliinuka, mikono ikidondosha maji ya chumvi, akatupita akaingia ndani. Tukasikia zipu ya begi.

Susu naye akainuka kwa shida, akafunga leso kiunoni, akanyoosha kola yake. Alidhani Mama anamtolea begi aondoke leo hii. Nami nilidhani hivyo hivyo, nikamshika mkono. Lakini hakuna aliyetoka. Tulisikia milango ya kabati la nguo la Mama, lile kubwa la chumbani kwake, vitu vikisukumwa, hanga zikigongana.

"Mama!" Mama akaita kutoka ndani, na sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Nimekutolea huu upande wa kushoto. Kuja uone kama unafikia."

Susu alirudi akaketi kwenye kigoda. Akaingiza mikono yake katika beseni, akatafuta uzi wa mwani, akakosa, akatafuta tena.

"Ngoja," akasema mwishowe. "Ngoja nimalize hii mboga yako."